Q bila U: kompyuta inavyotafuta maneno, na miraa ilivyoingia kwenye orodha

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni kwamba Desemba nilikwenda nyumbani Meru, upande wa Maua, na huko nilidanganya mzee. Makala ya leo inatokana na uongo huo.

Ilikuwa hivi. Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alikuja na Scrabble. Tukacheza kivulini. Ikafika mahali akakwama: ana Q mkononi na hana U. Kila aliyefundishwa Kiingereza shuleni anajua kwamba Q hutembea na U kama mbuzi na kamba yake. Akanigeukia.

"Baba mdogo, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu iulize."

Nina programu ndogo kwenye simu, niliiandika mwenyewe zamani ya kujifunzia. Unaipa herufi, inakupa maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo. Nikaandika herufi zake saba. Jibu likaja mara moja: QAT. Alama 12 kabla ya kuhesabu rangi za ubao.

Baba mkubwa wangu alikuwa ameketi kando, anafunga miraa kwa majani ya mgomba. Akauliza qat ni kitu gani.

"Ni hiyo uliyoshika, baba. Ni miraa."

Akaiangalia miraa, akaniangalia mimi. "Kwa hivyo Mwingereza ana jina la mmea wangu kwenye mashine yako. Na mimi? Hiyo mashine inaweza kutafuta maneno ya Kimeru?"

Nikajibu bila kufikiri: "Inaweza, baba. Herufi ni herufi."

Niliporudi kazini nikajaribu. Haikuweza. Kueleza kwa nini, inabidi tuanze mwanzo.

Mtu aliyehesabu herufi kwa mkono

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Msanifu majengo mmoja, Alfred Butts, wa Poughkeepsie katika jimbo la New York, alikuwa amepoteza kazi. Akaamua kubuni mchezo wa maneno. Tatizo lake la kwanza lilikuwa la hesabu: aweke herufi ngapi za kila aina?

Akachukua magazeti, likiwemo New York Times, akahesabu herufi moja moja. Kwa hesabu hiyo ndiyo maana Scrabble ya Kiingereza ina vigae 100, ndani yake E ni 12, A ni 9, na Q ni moja tu yenye thamani ya 10. Mchezo ulipata jina la Scrabble mwaka 1948, ulipochukuliwa na James Brunot.

Kumbuka jambo hili, litaturudia mbele: thamani ya herufi haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye gazeti la mji mmoja, katika lugha moja. Angehesabu gazeti la Kiswahili, Q na X zingekosa kabisa, na K na A zingejaa mfuko mzima.

Maswali matatu yanayofanana

Tukisema "nitafutie maneno yenye herufi hizi", tunaweza kumaanisha mambo matatu tofauti.

La kwanza: nipe neno linalotumia herufi zote hizi, wala zisizidi. Ukinipa A, E na T, jibu ni TEA, EAT na ATE.

La pili: nipe neno lolote linaloweza kuundwa kwa baadhi ya herufi hizi. Hili ndilo swali la mchezaji wa Scrabble.

La tatu: nipe neno lolote ambalo ndani yake zimo herufi hizi, hata kama lina nyingine. Ukinipa A, E na T, sasa hata WATER na TEACHER yanaingia.

Swali la tatu ndilo rahisi kuliko yote kwa kompyuta, na lilipata chombo chake mapema. Mwaka 1973, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson alitoa programu inayoitwa grep kwenye mfumo wa Unix. Kazi yake ni kupitia faili mstari kwa mstari na kuchapisha mistari inayolingana na unachotafuta. Ukiwa na faili yenye neno moja kila mstari, amri hii inatosha kutatua shida ya binti yetu:

grep q maneno.txt | grep -v qu

Sehemu ya kwanza inaokota maneno yote yenye q. Mstari ule wa wima unayapeleka kwa sehemu ya pili, ambayo inayatupa yote yenye qu. Kinachobaki ni Q bila U. Ni mstari mmoja tu, na unafanya kazi hadi leo kwenye Linux na Mac.

Swali la kwanza lina ujanja mzuri zaidi. Jon Bentley, naye wa Bell, aliueleza kwenye safu yake iliyoanza mwaka 1983 katika jarida la wataalamu wa kompyuta. Usijaribu kupanga herufi kwa kila namna, kwa sababu herufi 10 tofauti zina mipangilio 3,628,800. Badala yake, lipe kila neno sahihi yake: panga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. TEA inakuwa AET. EAT inakuwa AET. ATE inakuwa AET. Maneno yenye sahihi moja ni ndugu. Unaandaa sahihi za kamusi nzima mara moja tu, halafu kila swali linajibiwa kwa kufungua ukurasa sahihi.

Swali la pili, la Scrabble, ndilo lililohitaji kazi. Mwaka 1988 Andrew Appel na Guy Jacobson walichapisha programu iliyohifadhi kamusi kama njia za shambani zinazogawanyika na kukutana tena. Maneno yanayoanza sawa yanashika njia moja mwanzoni, na yanayoisha sawa yanakutana mwishoni, hivyo -ING ya Kiingereza inahifadhiwa mara moja kwa maelfu ya maneno. Kompyuta inatembea kwenye njia hizo ikiwa na herufi zako mkononi, na ikikosa herufi ya kuvuka inarudi. Mwaka 1994 Steven Gordon akaongeza kasi zaidi kwa namna inayoanzia katikati ya neno. Kufikia 2006 programu ya Quackle ilimshinda David Boys, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, katika pambano lililofanyika Toronto.

Kwa hiyo upande wa hesabu, jambo hili lilimalizika zamani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika programu hii kwa jioni moja. Kilichobaki kigumu ni ile faili niliyoiita maneno.txt. Nani aliiandika?

Orodha ina umri na ina wenyewe

Orodha moja iliyosambaa sana kwenye mifumo ya jamii ya Unix inaitwa web2. Ina maneno zaidi ya 234,000, na ilitolewa katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934. Ukitafuta safari ndani yake utaipata, maana neno hilo lilishaingia Kiingereza karne ya 19 kupitia vitabu vya wasafiri wa Kizungu. Lakini usihangaike kutafuta matatu. Mwaka 1934 hapakuwa na matatu Kenya! Magari yale yalikuja miaka ya baadaye, na mwaka 1973 ndipo Mzee Kenyatta aliporuhusu yabebe abiria bila leseni maalumu.

Wachezaji wa Scrabble nje ya Amerika ya Kaskazini, na sisi Wakenya tukiwemo, hutumia orodha ya Collins. Toleo la 2019 lilikuwa na maneno 279,496. Humo matatu imo. Imo mzee, imo uhuru, imo harambee. Hayakuingia kwa sababu tuliomba. Yaliingia kwa sababu watu waliokuwa wakiandika Kiingereza waliyatumia mara nyingi hadi watunga kamusi wakayaona.

Sasa rudi kwenye ile amri ya Q bila U, uipitishe kwenye orodha ya Collins. Angalia baadhi ya majibu: qadi, faqir, qibla, suq. Msomaji wa Kiswahili anacheka, kwa sababu hawa wote ni jirani zake: kadhi, fakiri, kibla, soko! Ni maneno ya Kiarabu yenye herufi qaf, ile inayotamkwa nyuma kooni. Kiingereza kiliyachukua na kuandika qaf kwa Q. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kirumi na baadaye kusanifishwa, hasa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hakikuwa na nafasi ya Q. Qaf ikawa K. Neno ni lile lile, lakini kwenye lugha moja linakupa alama 10 na kwenye nyingine halionekani kabisa kwa anayetafuta Q.

Qat ni wa ukoo huo. Ilikuwa Yemen, sio Meru. Kati ya 1761 na 1767 mfalme wa Denmark aligharamia msafara wa wataalamu kwenda Uarabuni. Mtaalamu wao wa mimea, Peter Forsskål, alikutana na mmea huo Yemen, akauandika kwa jina la Catha kufuatana na alivyosikia wenyeji wakisema. Alifia huko huko mwaka 1763. Katika msafara wote alirudi mtu mmoja tu, Carsten Niebuhr, naye ndiye aliyechapisha maandishi ya mwenzake mwaka 1775. Kiingereza baadaye kikaandika jina hilo kwa namna tofauti, na Collins inazikubali tatu kati yake: qat, kat na khat.

Kwa hiyo baba mkubwa hakukosea kushangaa. Mmea wake umo kwenye orodha mara tatu, na hata mara moja haukuingilia mlango wa Nyambene. Jambo la kuchekesha zaidi: Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014, na wakulima wa Igembe wakapoteza soko lao kubwa la Ulaya. Majani yakazuiwa uwanja wa ndege. Neno likaendelea kuhesabiwa alama 12 pale London bila mtu kulisumbua.

Jaribio langu la mũgũka

Sasa nifike kwenye uongo wangu.

Nilisema herufi ni herufi. Niliporudi nikaanza faili mpya ya majaribio, na neno la kwanza nililoweka ni mũgũka. (Baba mkubwa asisikie. Watu wa Igembe na watu wa Mbeere, kule Embu, hubishana sana ni majani ya nani yaliyo bora, ijapokuwa mmea ni huo huo mmoja.) Nikaiambia programu itengeneze sahihi. Nilitegemea kuona herufi sita zimepangwa. Nilichokiona ni a, g, k, m, halafu visanduku vya ajabu visivyosomeka.

Kimeru na Kiembu vina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Zile mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu. Sio mapambo. Ni herufi kamili, na sauti yake ni tofauti na ya i na u.

ASCII, mfumo wa herufi wa kompyuta uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, zikitosha Kiingereza na alama zake. Hakuna ĩ. Ulipokuja mfumo mpana zaidi kwa ajili ya Ulaya Magharibi, uliopewa jina la Latin-1, uliweka ã, ñ na õ kwa ajili ya Wareno na Wahispania, ukaziruka ĩ na ũ. Zilipatikana kwenye Latin-4, uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa Baltiki, Wasami na Greenland! Yaani kwa miaka mingi, ili uandike Kimeru sawasawa kwenye kompyuta, ilibidi ujifanye mtu wa barafuni.

Unicode, iliyotoka mwaka 1991, ilizipa herufi zote mbili nafasi rasmi. Mwaka uliofuata Ken Thompson, yule yule wa grep, na mwenzake Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuhifadhi Unicode inayotumika karibu kila mahali leo. Ndani ya UTF-8 herufi a inachukua baiti moja, ila ũ inachukua baiti mbili. Programu yangu ya zamani ilikuwa inapanga baiti, ikidhani kila baiti ni herufi. Kwa Kiingereza dhana hiyo haikuwahi kunisaliti. Kwa mũgũka ilikata kila ũ vipande viwili na kuvitawanya kama kuku aliyechinjwa na mtoto.

Nikarekebisha. Likatokea la pili. Neno Kĩrĩnyaga niliandika kwenye kompyuta, na mara nyingine nikalinakili kutoka kwenye hati ya mtu. Kwa macho ni neno moja. Programu ikasema ni mawili. Kumbe Unicode inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi peke yake. Kĩrĩnyaga ya kwanza ina baiti 11, ya pili ina baiti 13. Dawa ipo, na ni kuyageuza maneno yote yawe ya njia moja kabla ya kutafuta. Lugha nyingi za programu zina amri hiyo tayari. Lakini lazima kwanza mtu ajue tatizo lipo.

La tatu ndilo baya kuliko yote, na halitibiwi na amri. Maandishi mengi ya Kimeru na Kiembu ninayoyapata hayana viwimbi kabisa. Sababu moja ni simu. Ujumbe wa kawaida wa SMS una nafasi 160, kwa kutumia seti ndogo ya herufi ambayo ĩ na ũ hazimo. Ukiweka ĩ moja tu, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine na nafasi zinashuka hadi 70. Mtu anayelipia ujumbe angefanya nini? Akaacha kiwimbi. Watoto wakasoma jumbe hizo, wakajifunza kuandika hivyo hivyo. Sasa programu inayotafuta ũ haipati kitu, na haijui kama u iliyoandikwa ni u kweli au ni ũ iliyovuliwa kofia.

Kazi iliyobaki

Nisiwaache mkidhani hakuna kilichofanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hapa Kenya Jason Githeko, wa Chuo Kikuu cha Egerton, alitengeneza orodha ya kukagua tahajia ya Kiswahili na kuitoa bure. Kiembu na Kimeru vina misimbo yao ya kimataifa, ebu na mer, na majina ya siku na miezi ya lugha hizo yamo kwenye hifadhi ya Unicode inayotumiwa na simu na kompyuta duniani. Nafasi imeshatengwa. Kinachokosekana ni maneno ya kuijaza.

Na maneno yenyewe si kama ya Kiingereza. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima. Kwa Kiswahili, pika inazaa ninapika, nimekupikia, hawakutupikia, na kadhalika bila kikomo, na Kimeru na Kiembu ni vivyo hivyo. Orodha ya mstari kwa mstari haitoshi. Inahitajika mizizi, pamoja na kanuni za viambishi, na mtu anayeijua lugha akae na mtu anayejua programu.

Nilimpigia baba mkubwa simu wiki mbili zilizopita.

"Baba, nilikudanganya. Mashine haiwezi."

Akanyamaza kidogo. "Haiwezi kwa sababu Kimeru ni kigumu?"

"Hapana. Kwa sababu hakuna aliyeipa maneno."

"Basi shika kalamu."

Akaanza na anachokijua. Mbaine, ile miti ya kale iliyopandwa na waliotangulia. Kangeta. Giza. Alele. Kisha vyombo, kisha mvua, kisha magonjwa ya majani. Kila neno nilimwomba alirudie polepole, ili nisikie kama ni u au ũ, i au ĩ. Kwa Kiingereza kazi hii ya kusikiliza ilifanywa na vizazi vya watunga kamusi kabla hata kompyuta haijazaliwa, na sisi waandishi wa programu tukaikuta mezani, tukadhani werevu wote ni wetu.

Daftari langu sasa lina kurasa nane. Programu imeshapona, inaona viwimbi. Jana niliipa herufi za mũgũka nilizozichanganya, ikanirudishia mũgũka. Ni neno moja kutoka kwenye orodha fupi mno, lakini halikupitia Yemen wala Denmark.

Kama una mzazi au babu anayezungumza Kimeru, Kiembu, Kimbeere au lugha yoyote ya nyumbani, shika kalamu. Andika viwimbi. Faili ya kawaida, neno moja kila mstari, hifadhi kwa UTF-8. Tutayatafutia kazi.

Haya, tukutane tena panapo majaaliwa.